Mzee Chumvi Alipokatazwa Chumvi

Ukitaka kumjua kinyozi yule, usimuulize mwenyewe. Atakwambia aliwahi kunyoa vichwa mia tatu kwa siku moja, umeme umekatika, mkasi mtupu, na hakuna hata mmoja aliyetoka na kipara cha bahati mbaya. Atakwambia aliwahi kumnyoa mteja aliyelala kitini, na kwa kumtazama kisogo tu akaijua ndoto anayoota. Watu walikuwa wanacheka, yeye anaendelea kunyoa, siku inakwenda. Mtaa mzima ulimwita Mzee Chumvi, kwa sababu habari haikupita kinywani mwake ikatoka bila kutiwa.

Wa kumuuliza ni mkewe. Huyo ni mpishi wa shule, mwanamke wa maneno machache, na mkono wake unaijua chumvi kuliko kijiko kinavyoijua. Hapimi wala haonji. Anachota kwa vidole, anarusha kwenye sufuria, anafunika, anakwenda zake kuosha mikono. Watoto wa shule ni wabishi wa chakula, kila mtu anajua, lakini sahani zake zilikuwa zinarudi jikoni tupu.

Kazi ikimwisha alipitia saluni na chakula cha mumewe. Saluni yenyewe ilikuwa chumba kimoja, viti viwili, kioo chenye ufa pembeni, na redio iliyosema zaidi kuliko ilivyosikika. Barazani alikaa fundi viatu, rafiki wa kinyozi tangu ujana wao, ambaye alisikia kila hadithi mara mbili, ya asubuhi ikiwa changa na ya mchana ikiwa imenenepa. Mama akikanyaga baraza tu, fundi anamuuliza, "Shemeji, huyu leo katuambia aliwahi kumnyoa mtu mwenye vichwa viwili. Tupunguze ngapi?"

"Punguza nusu."

"Na inayobaki?"

"Punguza tena."

Wateja wanaangua kicheko, kinyozi anajifanya ameudhika, mke anaweka chakula juu ya meza ya vitana. Mchezo huo waliucheza miaka na miaka. Na msidhani mama alikuwa anaona aibu. Alimpenda mumewe kwa maneno yake hayohayo, ila alikuwa amejifunza kumsikiliza kwa chujio: lolote akisema, kwanza lichujwe.

Mambo yalianza siku kinyozi alipopata kizunguzungu akiwa ameshika wembe. Mteja alisalimika sikio, lakini alikwenda kusimulia, na mke akamkokota mumewe hadi kliniki. Presha ikapimwa. Daktari akaitazama, akapima tena, akasema, "Mzee wangu, umekula chumvi nyingi."

Kinyozi akajinyoosha kitini, amefurahi. "Nashukuru, daktari. Si haba, sitini nimeipita."

"Nazungumzia ya kwenye mboga, mzee."

Mke aliinama akacheka ndani ya kitambaa chake. Baadaye alikuja kukikumbuka kicheko hicho na hakikumchekesha tena.

Damu ilichukuliwa. Daktari akaeleza kwamba presha ilikuwa imekaa mwilini muda mrefu bila kujulikana, na figo zimeanza kuchoka. Akampa vidonge vya kumeza kila siku, akamwambia arudi baada ya wiki mbili damu ipimwe tena, na chumvi aiache kabisa. Vidonge akavimeza. Kurudi hakurudi. Alijisikia vizuri, na mtu akijisikia vizuri mpeleke wewe hospitali kama unaweza. Chumvi aliiacha kweli, kwa sababu mwenye chumvi alikuwa mkewe.

Mtaa ulifurahi, hauna adabu. "Chumvi kakatazwa chumvi," wakasema, na fundi viatu akasema sasa itabidi hadithi nazo zipikwe chukuchuku.

Kilichopikwa chukuchuku ni mboga. Siku ya kwanza kinyozi alionja, akaweka kijiko chini taratibu. "Mama watoto, hiki kimepikwa au kimeoshwa?"

"Kimepikwa. Kula."

Alikula nusu. Kesho yake robo. Keshokutwa alisema hana njaa, na yeye hakuwahi kukosa njaa hata kwenye msiba. Shati likaanza kumpwaya shingoni. Mama akawa anarudisha sahani jikoni ikiwa na chakula, jambo ambalo mkono wake haukulizoea, na lilimuuma pande mbili: kama mke na kama mpishi. Ukweli usemwe, kama mpishi lilimuuma zaidi kidogo.

Ndipo alipoliona kopo la bluu kwenye duka kubwa la mjini. Juu limeandikwa kwamba ni kiungo cha wenye presha, hakina sodiamu, ladha ni ileile. Binti wa dukani akamwambia watu wengi wanalichukua. Mama akalichukua na yeye. Maandishi madogo ya nyuma hakuyasoma. Nani anasoma kopo la chumvi?

Nyumbani alilamba kidogo. Ilikuwa chumvi na haikuwa chumvi. Mwisho wake ulikuwa na uchungu, kama mtu kalamba kijiko cha bati. Akakamulia ndimu kwenye mboga kuuficha uchungu. Ladha ikawa hafifu, akaongeza. Mkono wake ulikuwa unatafuta ladha unayoijua, na ladha ile haikuwamo, basi ukawa unaongeza tu.

Kinyozi alionja, akafumba macho. "Hapo sasa. Karibu tena duniani, mzee," akajiambia mwenyewe. "Ongeza kidogo."

Mama akaongeza. Sahani zikarudi tupu, shati likajaa, na mama akalala usingizi wa mtu aliyeshinda kesi. Kopo lilipopata kutu akamimina kilichobaki kwenye chupa ya jemu, kopo akalitupa. Nyumbani humo hawakuiita chumvi, kwa sababu chumvi ilikuwa imekatazwa na wao ni watu wa kusikia la daktari. Waliiita "ile nyingine". Weka ile nyingine. Ile nyingine inakaribia kwisha. Akanunua kopo la pili, na la tatu.

Kisha miguu ya kinyozi ikaanza kuwa mizito. Sasa hebu mfikirie mtu huyo anavyolitoa jambo hilo. Je, alisema miguu ni mizito? Thubutu. Alisema kila mguu una tani mbili na asubuhi alilazimika kuiomba ruhusa kabla ya kusimama. Fundi viatu akamwambia ailete barazani aipigie soli. Alisema vidole vinamchonyota kama amevitia kwenye kichuguu; wateja wakauliza siafu au mchwa. Alisema mashine ya kunyolea imeongezeka uzito, na huenda mwenye kiwanda anaitia risasi kwa siri. Wakacheka mpaka wakashika mbavu.

"Shemeji, leo kasema moyo wake ulipumzika kidogo, ukanywa maji, halafu ukarudi kazini. Tupunguze ngapi?"

"Punguza nusu," alisema mama, na akaweka chakula mezani. Ndani yake mlikuwa na ile nyingine, tena ya kutosha.

Msimlaumu haraka. Mtu aliyekudanganya kwa mapenzi maisha yote, siku akikwambia kweli kwa sauti ileile, utaijuaje?

Alijua asubuhi moja akiwa anajiandaa kwenda kazini. Kinyozi alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, shati limefunguka, mikono imelala mapajani.

"Mama watoto," alisema, "nashindwa kufunga kifungo."

Mama alikuwa anatafuta kiatu chini ya meza. Akangojea kilichobaki. Sentensi za mumewe zilikuwa na mkia siku zote: kifungo kizito kama nini, kimetengenezwa na nani, kimemwambia nini. Akangojea, mkia haukuja.

"Basi?" akauliza.

"Basi."

"Hutanii?"

"Sina nguvu ya kutania."

Mama aliacha kiatu. Akamtazama mumewe usoni, akaona midomo imepauka, akamshika mkono, ukawa unaning'inia kama si wa mtu. Alipitisha chujio lake kwenye maneno yale, na hapakuwa na kitu cha kupunguza. Aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa tangu azaliwe. Alitoka nje na kiatu kimoja mguuni, akamwita fundi viatu, na fundi alipoiona sura yake hakuuliza tupunguze ngapi. Alikodi gari, akambeba rafiki yake mgongoni.

Hospitalini walimlaza, wakamshika mkono kuhesabu mapigo, na aliyehesabu akamwita mwenzake aje ahesabu na yeye. Wakambandika waya kifuani, mashine ikatoa karatasi yenye mistari ya moyo. Daktari wa zamu, mwanamke kijana mwenye sauti ya chini, aliitazama karatasi, akaanza kutoa amri bila kuinua kichwa. Damu ikachukuliwa haraka ipelekwe maabara. Sindano ya kalsiamu ikaingizwa mshipani polepole. Ikafuata glukosi pamoja na insulini.

"Mbona insulini?" mama aliuliza. "Hana sukari."

Daktari alimvuta pembeni. "Mama, kwenye damu kuna madini yanaitwa potasiamu. Kila mtu anayo, na moyo hauwezi kupiga bila hiyo. Ikipungua sana mapigo yanaharibika. Ikizidi sana yanaharibika pia, misuli inalegea, na moyo unaweza kusimama. Ya baba imezidi mno. Sindano ile ya kwanza inaulinda moyo. Insulini inaisukuma potasiamu itoke kwenye damu iingie ndani ya seli, na glukosi ni ya kuzuia sukari yake isishuke. Visiposaidia, tutamsafisha damu kwa mashine."

"Atapona?"

"Tunahangaika apone. Ila lazima nijue potasiamu inatoka wapi. Figo zake zimechoka, na kidonge anachomeza kinaizuia isitoke vizuri. Lakini hivyo viwili peke yake visingemfikisha hapa. Kuna dawa nyingine anayotumia? Za miti shamba?"

"Hapana."

"Chumvi anakula?"

"Tangu akatazwe hajaigusa," alisema mama.

Daktari akamgeukia mgonjwa. Kinyozi akatikisa kichwa kitandani. "Hata punje."

Waliapa wote wawili, na wote wawili walisema kweli. Kweli hiyo nusura imzike mtu.

Mchana mapigo yalianza kukaa sawa. Kinyozi akaweza kukunja ngumi, na alipoletewa chakula cha wodini alionja, akarudisha. Mama akaona ni dalili njema: akichagua chakula, anarudi. Akakimbia nyumbani akapika.

Kwenye kitanda cha jirani alilala dereva mmoja aliyetapika na kuharisha siku nyingi mpaka miguu yake nayo ikalegea. Mama aliporudi na chombo chake, wauguzi wawili walikuwa wamesimama kwa dereva huyo na dripu. Mmoja alisoma kibandiko kwa sauti, mwingine akarudia baada yake, wakaangalia jina la mgonjwa, wakaangalia tena kasi ya pampu. "Kloridi ya potasiamu, imeshachanganywa, inakwenda taratibu." Mama aliyasikia maneno yale kama mtu anavyosikia redio ya nyumba ya pili. Akafungua chombo, mvuke ukatoka, kinyozi akajiinua kidogo kwa kiwiko. Mama akatoa mfukoni chupa ya jemu, akachota kwa vidole.

"Mama," alisema muuguzi mkubwa, bila kupaza sauti. "Hiyo nini?"

"Si chumvi," alisema mama upesi. "Chumvi nilishaacha. Hii ni ile nyingine, ya wenye presha."

Muuguzi aliacha dripu kwa mwenzake, akaja, akaweka kiganja chake juu ya sahani kuifunika. "Kopo lake lina rangi gani?"

"Bluu."

"Limeandikwa halina sodiamu?"

"Ndiyo. Nimechagua la afya."

Muuguzi aliichukua chupa, akainua macho kuelekea kwenye dripu ya dereva. "Mama, iliyomo humu ni hiyohiyo anayopewa yule. Kloridi ya potasiamu. Yule imemwishia mwilini kwa kuharisha, tunamrudishia, tena tone kwa tone, kwa sababu ikiingia kwa pupa inaua. Baba yeye imemjaa, tangu asubuhi tunamhangaikia. Unamwekea kiasi gani?"

Mama alikunjua vidole vyake vitatu, punje zikiwa bado zimenata, akavionyesha.

"Mara ngapi kwa siku?"

"Kila chakula. Na akisema ongeza, naongeza."

Daktari aliitwa, akasikiliza, akashusha pumzi ndefu. Akasema yeye alipaswa kuuliza vizuri zaidi, si kuuliza chumvi tu. Akasema kitu chenyewe si sumu. Mwenye figo nzima kinaweza hata kumshushia presha, na ndiyo maana kinauzwa wazi dukani. Lakini mwenye figo zilizochoka, au anayemeza vidonge kama vya baba, asikiguse kabla ya kupimwa damu na kumuuliza daktari.

Mama alikuwa amesimama na mkono wake ameunyoosha mbali na mwili, kama anaogopa utamchafulia nguo. "Nilikuwa namuua," alisema.

"Hukujua," alisema muuguzi. "Ila angekula hiki sasa hivi, tungerudi kulekule tulikotoka asubuhi." Akamshika mkono, akampeleka kwenye bomba, akamfungulia maji. Mama alilia akiwa ananawa.

Alirudi kitandani akakaa. "Baba watoto, ni mimi. Mkono huu."

Kinyozi aliutazama mkono ule. "Mkono wako, sawa. Na mdomo uliokuwa unasema ongeza ulikuwa wa nani?" Kisha akafumba macho, kachoka. "Tusilizungumze tena, mke wangu."

Alitoka hospitali akiwa amebadilishiwa kidonge, na safari hii akipewa tarehe ya kurudi anarudi. Nyumbani mama alijifunza kupika upya, kwa vitunguu, kwa tangawizi, kwa subira. Lakini alikuwa amebeba jambo. Anapikia watoto wa watu. Ikisikika mtaani kwamba mpishi wa shule alimlisha mumewe kitu mpaka moyo ukataka kusimama, nani atampa mwanawe sahani yake? Akawa anapima kila kitu kwa kijiko, anaonja, anaonja tena, na wasaidizi wake jikoni wanatazamana.

Siku kinyozi aliporudi kazini, saluni ilijaa. Mama alifika barazani na chombo, akamsikia yumo katikati ya hadithi, sauti imerudi, mashine inanguruma.

"Moyo ulisimama saa nzima," alikuwa anasema. "Daktari anaandika cheti, mimi namsahihisha jina. Na kosa langu mwenyewe, jamani, tamaa. Nimeliona kopo dukani, nimelinunua kwa siri, mke wangu hajui hili wala lile. Naficha chini ya godoro. Usiku naamka nakula kwa kijiko, kopo zima, kama uji."

Kicheko kikalipuka. Mama alisimama mlangoni. Mwanamume yule alikuwa amemtoa ndani ya hadithi kabisa, akamweka mahali ambapo hakuna mtu wa kumnyooshea kidole.

Fundi viatu alipangusa macho. "Ahsante kwa kutufumbua macho. Maana mama yangu naye analo kopo hilo, na figo zake si nzuri. Nilishaanza kuogopa. Lakini yeye hali kwa kijiko. Tunamwekea tu kidogo kidogo kwenye mboga." Akageuka, akamwona mama mlangoni, akatabasamu. "Shemeji, umefika. Tupunguze ngapi?"

Mama alimtazama mumewe kwenye kioo. Kinyozi alitikisa kichwa kidogo sana, kumwambia nyamaza.

"Leo msipunguze kitu," alisema mama. "Amepunguza mwenyewe, kanitoa mimi. Hakula kwa kijiko wala hakuficha. Nilinunua mimi, na nilimwekea mimi, kwenye mboga, kama mnavyomwekea mama yako. Mtoeni kopo leo, mumpeleke akapimwe damu."

Hakuna aliyecheka. Fundi alimgeukia rafiki yake, bado ana tumaini kwamba kuna utani mahali fulani. Kinyozi alizima mashine.

"Ni kama alivyosema," alisema.

Fundi aliweka kiatu cha mtu chini, akatoa simu, akampigia dada yake aliyekuwa nyumbani na mama yao. "Ushapakua?" aliuliza. "Basi usimpe. Ngoja nakuja."